Mwalimu Filemoni Hiza na Maji Yaliyokuja Jua Likiwaka

Athuman Rehani wa Handeni, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikutana na marehemu mara ya kwanza Januari 1974, na walikutana kwa ubishi. Kijiji cha Ujamaa kilikuwa kinapimwa chini ya milima ya Lutindi. Athuman alikwishachagua tambarare ya kando ya barabara, hata kona ya kuweka duka ameiona. Akamkuta mwalimu mmoja anang'oa vigingi.

"Mshambaa, una wazimu?"

"Mtani, hapa ni njia ya maji."

"Maji gani? Korongo kavu, wingu hakuna!"

"Nyie Wazigua mnatazama wingu la juu ya vichwa vyenu. Hapa linatazamwa la Lutindi. Kule juu ni uwanda. Mvua yake inashukia makorongo saba, na yote yanakutana hapa uliposimama."

"Kwa hiyo tupande tukaishi na nyani?"

"Nyani sijasikia amekufa maji."

Marehemu alizaliwa Lutindi tarehe 12 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Yordani Hiza na Mama Lea. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akahitimu ualimu mwaka 1950. Alifundisha jografia Mpale, na tangu 1962 Korogwe. Wanafunzi wake waliifinyanga safu nzima ya milima kwa udongo, kisha wakaimwagia maji kwa kata waone yanakimbilia wapi.

Mwaka 1955 alifunga ndoa na Elina Fabiani, wakajaliwa watoto watano.

Ubishi ule uliisha kwa mapatano. Nyumba zingejengwa mwinukoni. Masika mawili yakipita bila maji, Mwalimu angezishusha nguzo zote kwa bega lake. Masika ya kwanza yalipita makavu. Bi Mashavu, aliyechoka kupandisha ndoo kichwani, alimuuliza mbele ya mkutano, "Mwalimu, hilo bega umeshalipaka mafuta?"

Ijumaa tarehe 2 Mei 1975, watu wakitoka msikitini, jua likiwaka, tambarare yote ilifunikwa kabla chai haijachemka. Maji yaliondoka na mahindi, na kibanda cha duka ambacho Athuman alikuwa amekijenga kimya kimya. Mtu hakupotea hata mmoja.

"Mtani," Athuman alimwambia, "siku ile ungepiga kelele zaidi."

"Ningepiga zaidi ungejenga mawili."

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 1982. Alitibiwa kwa muda mrefu, akafariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 9 Juni 1984.

Ameacha mjane, Mama Elina, watoto watano na wajukuu wanne. Binti yake Chausiku anafundisha jografia.

Katika mapatano yale Athuman alipoteza duka, na sasa amepoteza mtu wa kubishana naye. Marehemu hakuchukua hata kiwanja. Kijiji kilibaki na nyumba themanini na mbili, na watoto waliozaliwa mwaka ule wa maji wako darasa la pili.

Mwalimu wetu, Mungu akupumzishe kwa amani.