Barua Iliyo Kwenye Faili ya Kalondu

Bi. Kalondu Kivuva anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya pampu za visima hapa Kitui. Kamati ya sherehe iliniomba maneno matamu. Ninayo, lakini nina hasira pia.

Kalondu amefunga upya koili, yaani waya uliozungushiwa chuma, nyingi kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa. Akihesabu mizunguko ya waya, hata meneja hamsalimii. Kila koili aliifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya mwanzo, kama alivyotia alama akisuka viondo kwao Kikima. Koili mbili zikikaa kwenye chuma kimoja, lazima ujue kila moja imeanzia wapi.

Miaka sita iliyopita tulitarajia wageni wa ukaguzi. Meneja wetu, Bw. Nyamai, akaamuru karakana ing'ae. Nilichukua mkasi nikakata nyuzi zote. Kesho yake Kalondu alikuwa safarini, nami nikaunganisha koili mbili kwa kubahatisha. Zikaelekeana kinyume, sumaku ya moja ikafuta ya nyingine. Koili hizo zilikuwa za kifaa cha kupunguza umeme wakati pampu inawaka; kikauachia wote, na mota ya kisima kimoja huko Tawa ikaungua. Watu walikaa wiki tatu bila maji.

Meneja alisema Kalondu alichagua chuma kidogo, kikashiba sumaku, yaani kikashindwa kubeba zaidi, ndiyo maana koili ikashindwa kuzuia umeme. Upuuzi mtupu! Chuma hushiba mkondo wa umeme ukiwa mkubwa. Kalondu alipitisha mkondo mdogo kabisa mbele ya meneja na wenzake, na koili bado haikuzuia kitu. Akageuza ncha za koili moja, ikazuia papo hapo.

"Hii si chuma imeshiba," aliwaambia. "Ni waya mbili zinapigana."

Hakuna aliyetazama mita. Wakamwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Nami niliyejua nilinyamaza, nikiogopa kufutwa, na hilo linanikera kuliko yote. Kalondu ameomba mara nne barua hiyo iondolewe. Hataki zawadi nyingine.

Asante, Kalondu, kwa mikono yako na uvumilivu wako. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya kupumzika utakavyo.

Bw. Nyamai, barua hiyo isibaki ilivyo hata siku moja zaidi. Futa jina lake, uandike langu: Kiema Mulwa, fundi wa karakana hii.