Nyapara Aliyetaka Kushindwa: Maisha ya Silvesta Kiprono Langat, 1986–2025

Leo Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025, tuko nyumbani kwa Mama Edith Langat, Kapkatet, kumsindikiza mwanawe wa kwanza, Silvesta Kiprono. Maneno haya yameandikwa na dada yake wa pekee, Milka, muuguzi anayeishi Doha, na ndiye anayeyasoma. Ni marefu kidogo kuliko desturi, mtuvumilie. Wengi wenu mnayo kwenye simu zenu ile video ya mtu akimbwaga Silvesta chini, na tangu mwili ulipotua Nairobi kuna neno moja linalozunguka kwenye mahema haya: kwamba yule Mganda wa kwenye video ndiye aliyemuua. Familia imeazimia kwamba neno hilo halitavuka siku ya leo.

Silvesta alizaliwa tarehe 3 Juni 1986, jioni, mbuzi wakirudi kutoka malishoni, na ndiyo sababu akaitwa Kiprono. Alikuwa na kilo nne na nusu. Marehemu baba yake, Mzee Joel, alipenda kusimulia kwamba mkunga alimpokea kwa mikono miwili akaomba aongezewe wa tatu. Alikua na mwili wa kutisha na moyo wa kuchekesha, maana kuku akichinjwa, lile pande la mtu lilichukua ndoo likaenda kuchota maji, likarudi nyama ikiwa tayari sufuriani.

Alisoma Shule ya Msingi ya Chebirir kuanzia mwaka 1993 hadi 2000, kisha Sekondari ya Kamasega, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2004. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Lakini mwaka 2003, katika mchezo wa kuigiza wa shule, alipewa nafasi ya chifu mla rushwa, akaicheza vizuri mno hata mama mmoja mgeni akakataa kumpa mkono baada ya onyesho. Mwalimu alidhani kijana ataumia. Silvesta alitembea kilomita sita hadi nyumbani akiimba, na Milka, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alishangaa mtu anawezaje kufurahia kuchukiwa kiasi kile.

Alibeba majani chai, akalinda duka la vifaa vya ujenzi Kericho, na tarehe 14 Oktoba 2012 akaruka kwenda Qatar kuwa askari wa mlangoni. Aliishi Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, chumba kimoja na wenzake saba, na basi la kampuni lilimpeleka kila alfajiri hadi jengo moja la Al Rayyan, alikosimama kwa saa kumi na mbili akiwafungulia watu mlango. Alifanya kazi hiyo hadi alipougua, na katika miaka hiyo yote alichelewa mara moja tu, siku basi lenyewe lilipoharibika.

Tarehe 20 Desemba 2014, akiwa likizoni, alimuoa Daisy Chepkemoi kanisani hapa Kapkatet. Mungu aliwapa Cheryl mwaka 2015 na Owen mwaka 2018. Ndoa yao ilikuwa ya simu kwa miezi ishirini na miwili na ya ana kwa ana kwa miwili, kama ndoa nyingi za watu wa Ghuba. Daisy anasema Silvesta alikuwa akiwakagua watoto kazi za shule kupitia simu, na kwamba Cheryl alipogundua hesabu za baba si nzuri, alianza kumsahihisha yeye.

Sasa tuje kwenye mieleka, ambayo ndiyo iliyowaleta baadhi yenu na hasira.

Mwaka 2018 mwanamke mmoja kutoka Kisii, Velma Nyanchama, fundi wa kompyuta anayeishi Al Mansoura, alianzisha maonyesho ya mieleka kwa ajili ya wafanyakazi. Walipewa ruhusa ya kutumia bohari moja kuu la kambi yao siku za Ijumaa. Mafundi wa kuchomelea walijenga ulingo kwa mabomba na mbao, wakatandika magodoro. Kila baada ya miezi michache kulikuwa na onyesho kubwa la kulipia mtandaoni, Kishindo cha Doha, lililotazamwa kutoka Dubai hadi hapa Kapkatet. Velma alihitaji mtu mbaya. Alimtazama Silvesta juu hadi chini, akamuuliza, "Buda, unaweza kukasirika?" Silvesta akasema, "Hapana, lakini naweza kuigiza."

Akawa Nyapara. Aliingia ulingoni na kofia ya manjano ya ujenzi, filimbi na daftari, akitembea polepole na kuandika majina ya watazamaji wavivu. Bohari lote lilimzomea. "Andika na la kwako!" walimpigia kelele. Watu waliokuwa wamefokewa wiki nzima kazini walikuja Ijumaa kumfokea Silvesta, na walirudi vitandani wakiwa wepesi. Alijua hivyo, na aliiheshimu kazi ile kama kazi yoyote ya mshahara.

Mpinzani wake alikuwa Fabian Ssemakula, dereva kutoka Masaka, ambaye jina lake la ulingoni lilikuwa Likizo. Hebu fikirini wanaume elfu moja wanaoishi mbali na wake zao wakiimba "Likizo! Likizo!" huku Nyapara akipuliza filimbi na kusema muda wa mapumziko umekwisha. Uhasama huo uliendelea karibu miaka saba. Mkanda wa ubingwa ulikuwa kiunoni mwa Nyapara, na mara nne Likizo alikaribia kuuchukua, na mara nne Nyapara alimfanyia hila.

Hili ndilo jambo ambalo wengi hapa hamkulijua. Katika mieleka ya aina hii, mshindi hupangwa kabla. Kuanguka ni ufundi unaojifunzwa, na anayerusha ndiye mlinzi wa shingo ya anayerushwa. Silvesta ndiye aliyemfundisha Fabian kuanguka. Na mafundi wa kazi hiyo wana mwiko mmoja: maadui wa ulingoni hawaonekani pamoja mtaani, kwa sababu mtazamaji akiwakuta wanakula sahani moja, hatakuja tena. Silvesta na Fabian waliushika mwiko huo kuliko wengine wanavyoshika saumu. Walipanda mabasi tofauti. Ibadani, mmoja aliketi kulia na mwingine kushoto. Walikutana nyumbani kwa Milka tu, wakiingia kwa zamu, na humo walikuwa ndugu.

Mwaka 2021 walikutana kwa bahati mbaya katika duka moja la Al Mansoura, wote wameshika pakiti moja ya unga wa mahindi, ya mwisho rafuni, na mashabiki wawili wamesimama pale pale. Ikabidi wagombane. Waligombana dakika kumi, kwa Kiswahili cha Kapkatet na cha Masaka, mpaka mwenye duka, Mhindi wa Kerala, alipochoka na kelele, akawanyang'anya pakiti na kumuuzia mama mwingine. Jioni ile walikula wali kwa Milka, wakilaumiana kwa vicheko.

Mwiko ulikuwa na bei yake. Daisy na Milka waliambiwa siri. Mama Edith hakuambiwa. Mama alitazama maonyesho kwenye simu ya Daisy, akaona mwanawe akipigwa kwa kiti, na alifanya ambalo mama yeyote angefanya. Alipeleka jina la Fabian Ssemakula kwenye kikundi cha maombi cha Jumatano, ili mkono wake ukauke. Daisy alikuwa akiketi pale, akisema amina kwa sauti ndogo, na ilimchoma. Silvesta alipoelezwa alicheka kwanza. "Nitamwambia mama nikistaafu," alisema.

Agosti 2024 alianza kupungua. Tarehe 9 Septemba madaktari wa Doha walimweleza kwamba ana saratani ya ini na imekwisha kuenea. Daisy alimtaka nyumbani wiki ile ile. Silvesta aliomba asubiri hadi Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, siku ya Kishindo cha kufunga mwaka.

"Siku themanini na moja unawapa wao?" Daisy aliuliza.

"Daisy, nikiondoka na huu mkanda, Fabian atabaki kuwa mtu aliyeshindwa na marehemu. Na hakuna anayeweza kumshinda marehemu. Wacha nishindwe kwanza."

Daisy hakuzungumza naye kwa siku mbili. Siku ya tatu alimwandikia: "Haya. Shindwa vizuri, halafu uje nyumbani."

Daktari hakukubali. Silvesta alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, akatoka kwenda kupigwa picha ya bango. Aliyekuwa mgumu zaidi ni Fabian. Alisimama sebuleni kwa Milka, machozi yakimtoka, akisema, "Mimi siwezi, ssebo. Mtu mgonjwa mimi nampigaje? Nitamwambia nini Mungu?"

"Nani amesema utanipiga?" Silvesta akamjibu. "Utanibeba. Miaka yote hii tumefanya kazi gani nyingine, bana? Anayetoka humwachia anayebaki. Ndiyo kazi. Ukikataa, nitapanda pale na mtu mwingine asiyejua kunishika."

Hapo Fabian alikubali. Walifanya mazoezi Ijumaa sita, makochi yakiwa yamesukumwa ukutani. Walipanga pambano la dakika tisa ambamo kila kuanguka kungekuwa kwa Fabian isipokuwa mara moja. Silvesta alihesabu hatua kwa sauti. Alipochoka alikaa chini, akanywa maji, akasema, "Tena." Milka ni muuguzi, amewaona wagonjwa wengi, na hajaona mtu aliyekataa kulala chini namna ile.

Siku ya tarehe 29 alivaa fulana mbili za ziada ili mwili usionekane umeisha. Dakika nane zilikwenda kama zilivyopangwa. Katika ya tisa, Likizo alimwinua Nyapara mabegani na kumbwaga. Hiyo ndiyo video mliyo nayo. Itazameni tena mkifika nyumbani, lakini tazameni mkono wa kushoto wa Fabian, uliomshika Silvesta kisogoni tangu juu hadi chini na haukumwachia. Kishindo mnachokisikia ni cha mguu wa Fabian mwenyewe, alioukanyagia kwenye mbao. Silvesta aliwekwa chini taratibu, kama mtoto aliyelala. Kisha Fabian alisitasita kumbana mabega, na Silvesta akamwambia sikioni, "Nibane, wewe. Watu wanangoja." Refa akahesabu tatu.

Bohari lililipuka. Wanaume wazima walikumbatiana na watu wasiowajua. Fabian aliinuliwa juu na mkanda wake, naye Silvesta alitoka peke yake akizomewa mpaka mlangoni, na hakupunga mkono, kwa sababu Nyapara hapungi mkono. Nyuma ya pazia alimkuta Milka, akamwambia, "Umesikia walivyofurahi?" Hakuwahi kuonekana na furaha kama ile, hata siku ya harusi, Daisy atatusamehe.

Tarehe 16 Desemba alilazwa. Tiketi yake ya kurudi, baada ya kumalizana na kampuni, ilikuwa ya tarehe 22 Januari. Aliaga dunia Jumapili tarehe 19 Januari 2025, saa nne asubuhi, Milka akiwa amemshika mkono, Fabian akiwa amesimama dirishani. Daisy alikuwa amekwisha kupaka nyumba rangi kwa ajili yake. Jambo hilo linauma, na hakuna neno hapa litakalolipamba.

Wiki moja kabla, alimwita dada yake karibu. "Siri ni yangu nikiwa hai," alisema. "Nikifa, isimwangukie Fabian. Useme, Milka. Usome mbele ya watu wote." Kwa hiyo inasemwa: Fabian hakumuua Silvesta. Alimbeba, kwa dakika tisa na kwa miaka karibu saba, na ndiye aliyemwosha miguu wodini wauguzi walipokuwa na kazi nyingi.

Mama Edith aliambiwa yote juzi Alhamisi, jikoni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Siku hizo za hospitali, huyo mtoto alikuwa anakula wapi?" Akaambiwa Fabian alikuwa akila mkate ndani ya gari lake, nje. Kisha aliomba aione orodha ya wafiwa kabla haijapelekwa kuchapishwa, akaisoma kwa miwani yake, akairudisha. Alisema imepungua mtu mmoja. Milka akauliza aandikwe kama rafiki au kama mfanyakazi mwenza.

"Andika ndugu," Mama akasema. "Nimemtaja mbele za Mungu kila Jumatano kwa miaka mitano. Jina lake nalijua kuliko la jirani."

Marehemu ameacha mama yake, Edith. Mjane wake, Daisy. Watoto wake, Cheryl na Owen. Dada yake, Milka. Na ndugu yake, Fabian Ssemakula. Fabian alisafiri na jeneza kutoka Doha, na tangu afike ameketi nyuma kabisa karibu na lango, kwa kuwa mpaka saa hii hajui kama ameruhusiwa kumlilia Silvesta mbele za watu. Mama Edith ameweka kiti kando yake mwenyewe, hapa mbele, na ameagiza mstari wa mwisho usisomwe mpaka kiti hicho kikaliwe. Njoo mbele, Fabian. Tunakungoja.

Silvesta Kiprono, pumzika sasa: umeshindwa kama ulivyotaka, na aliyekushinda yuko kwa mama.