Kazi ya Orlane

Ndugu wafiwa, majirani wa Nyakabiga na nyote mliofika, marehemu Orlane Ndayikeza alizaliwa hapa Bujumbura tarehe 14 Machi 1996, mtoto wa pili wa Mama Daphrose na Mwalimu Valéry, naye Mwalimu Valéry ndiye huyu anayewasomea, kwani amemwomba mdogo wake, aliyepaswa kusoma, ampishe.

Alianza shule ya msingi Nyakabiga mwaka 2003, akamaliza sekondari mwaka 2016, akapata shahada ya kompyuta tarehe 18 Desemba 2020.

Kuhusu kazi, karatasi ya wasifu iliyochapwa juzi ilisema marehemu hakuwa na kazi, na maneno hayo, jamani, yaliandikwa na baba yake mwenyewe, aliyefundisha fasihi miaka thelathini na mmoja, maana binti alitengeneza michezo ya simu, na kwa mzee mchezo ulikuwa mchezo tu. Miaka mitatu Orlane alimfuata na simu mkononi, "Papa, hii nayo iko hadithi, cheza kidogo tu," naye siku moja akamjibu mbele ya wageni kwamba hadithi husimuliwa, haibonyezwi, wageni wakacheka, binti akaingia chumbani.

Hakujaliwa kufunga ndoa wala kupata mtoto. Figo zilimsumbua tangu Januari 2024, akafariki tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Jana rafiki yake Joëlla alileta simu hiyo ya marehemu msibani, Mwalimu akaucheza mchezo ule kwa mara ya kwanza, akajikuta yeye ndiye baba aliyeketi mezani, binti anaanza kumweleza jambo, na chini pana vitufe viwili, Sikiliza na Ondoka. Kwa haraka ya kuona mwisho akabonyeza Ondoka, binti akanyamaza, mchezo ukafungwa. Katika vitabu vyote alivyofundisha, wakosaji walikuwa watu wengine, lakini hapo aliyeondoka alikuwa yeye, kwa kidole chake, akaona aibu hata akashindwa kumtazama Mama Daphrose. Akaanza upya, akabonyeza Sikiliza, binti akasimulia yote mpaka mwisho, nayo ilikuwa hadithi, tena nzuri.

Kwa hiyo mstari ule umefutwa, kazi ya marehemu ilikuwa utunzi wa hadithi, na hivyo ndivyo itakavyoandikwa msalabani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na vijana wenzake wa kompyuta, waliomsikiliza wakati nyumbani kwao alikuwa anachekwa.

Pumzika kwa amani, Orlane, mwanangu, ni mimi niliyekosa.