Désiré Namegabe, Aliyengoja Difu Ipoe

Wapendwa, tunayemsindikiza leo ni Désiré Namegabe, fundi na baba wa nyumba yetu. Alizaliwa Bukavu tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Namegabe na Mama Aurélie.

Alisoma shule ya msingi Kadutu, kisha ufundi wa magari, akahitimu 1991. Mama yake alisema mtoto huyu kazaliwa na wasiwasi: sufuria ikianza kuchemka, yeye ndiye aliyekimbilia kifuniko.

Mwaka 1998 alimwoa Félicité, na mwaka 2004 wakaingia Durban. Alianza kwa kulinda magari kwenye parking ya ufukweni. Gari likipita likilia kwa nyuma, alilikimbiza mpaka kwenye robot, taa za barabarani, amwambie mwenye gari kwamba difu inaungua. Eish, alitukanwa! Wengine walidhani ni mwizi. Mmoja alisimama, akamsikiliza, na huyo ndiye aliyemwingiza karakana ya Greyville.

Huko akawa fundi wa magari ya mbio. Difu, kile chuma cha nyuma kinachoyagawia magurudumu nguvu, aliiogopa kuliko injini. Injini ikichemka utaona moshi, alisema. Difu inaungua kimya, halafu inakaba magurudumu ukiwa mbioni. Akaifungia pampu na rejeta ndogo ya kupoza oili, na swichi karibu na usukani: barabarani izimwe, oili ipate joto kwanza, uwanjani iwashwe. Nyumbani hakuna aliyegusa ugali mpaka yeye aingie chini ya gari, apitishe mgongo wa mkono kwenye difu, aseme imepoa. Félicité alipasha chakula, akanuna, mwisho akazoea.

Binti yake Laetitia alipoanza kushindana, roho yake haikutulia tena. Siku ya mbio hakuketi, hakula. Tangu Januari kifua kilikuwa kinambana, naye akatuficha. Kweli, mganga hajigangi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, alianguka karakanani, akalazwa hospitali. Laetitia alikuwa uwanjani. Tulitaka kumpigia, akatukataza kwa ukali: dereva akipata habari mbaya anasahau swichi. Sisi tulihofia moyo wake, yeye alihofia difu. Kila simu ilipolia alijaribu kuinuka, na sisi tukimlaza tena, tunaogopa.

Mbio zilipokwisha tulimwita Laetitia. Alifika jioni, mkono bado mweusi kwa oili.

“Pampu?” baba akauliza.

“Niliwasha, Papa.”

“Mkono ulipitisha?”

Akamwekea mgongo wa mkono shavuni. “Imepoa.”

Baba akafumba macho. Tulidhani amelala.

Ameacha mjane, Félicité. Watoto wawili, Laetitia na Prodige. Na dada yake, Yvette. Leo Laetitia ameendesha gari lake la mbio mbele ya jeneza, polepole. Tukirudi nyumbani chakula kiko tayari, ila tusikiguse. Kwanza Laetitia ataingia chini ya gari apitishe mkono kwenye difu, nasi tutamngoja.

Lala kwa amani, Papa Désiré. Swichi hatutaisahau.