Jikkemien Boogert na Kadi Ambayo Hakuituma

Jikkemien Boogert alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Nieuwerkerk, mkoa wa pwani wa Zeeland, akiwa mtoto wa pili wa Marinus na Pieternella.

Alisoma shule ya kijijini hadi tarehe 1 Februari 1953, bahari ilipobomoa matuta ya kuzuia maji na kufurika kijijini. Mama yake alichukuliwa na maji. Mwaka uliofuata dada yake mkubwa, Leuntje, alihamia Kanada na kwa miaka sitini hakurudi hata mara moja.

Mwaka 1961 aliolewa na Krijn, fundi rangi, wakaishi katika nyumba ya wazazi wa Jikkemien. Krijn, mtu wa haraka, alibandika karatasi ya ukutani yenye maua kwenye ukuta ule ule uliokunywa maji ya bahari wakati wa mafuriko. Kufika vuli, yote ilikuwa sakafuni.

“Chumvi haifunikwi kwa maua, Krijn.”

“Basi mwakani nitabandika yenye samaki,” alijibu.

Kwa miaka thelathini na miwili marehemu alikusanya maneno ya lahaja ya kwao kwa ajili ya kamusi, kila neno kwenye kadi yake. Kadi moja tu hakuituma: *vocht*, yaani unyevu au majimaji. Asili yake aliijua vyema: wazee wa kale walisema *vucht*, Wajerumani husema *feucht*, na wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la kale la Kihindi lenye maana ya matope. Kilichokosekana ni mfano wa matumizi. Aliutaka wa mama yake, aliyegusa ukuta kila asubuhi akilitaja neno hilo. Kiganja alikikumbuka, sauti ya mama ilikuwa imempotea, na jambo hilo lilimuumiza. Alimwandikia Leuntje mara nyingi akimuuliza mama alisemaje.

“Achana na ukuta huo, Jikke,” Leuntje alijibu. “Niulize habari za wajukuu.”

Mwaka huu mapafu ya Jikkemien yalijaa maji. Daktari alipomwambia ni *vocht*, alicheka hadi akakohoa. Jumanne, tarehe 4 Novemba 2014, Leuntje alipiga simu.

“Mama alikuwa anasema, ‘*Vocht* bado ipo, na sisi bado tupo.’”

“Sema tena, dada.”

Akasema tena, mara tatu, kwa lafudhi ya nyumbani. Jikkemien aliiandika kadi kwa mkono wake. Alifariki Alhamisi asubuhi.

Ameacha mume, Krijn, mwana, Adriaan, wajukuu watatu, na Leuntje, aliyekata tiketi Jumanne ile ile na kuwasili Jumamosi. Walitamani kuonana kwa miaka sitini, wakapishana kwa siku mbili.

Lala salama, Jikke. Dada yako amefika.