Kapteni Bonaventura Ntirampeba, Rubani Aliyebaki Mwanza

Baba Paroko, ndugu viongozi wa kijiji na wa kata, wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka Mwanza na Dar es Salaam, majirani na jamaa zetu wote, ninayesimama mbele yenu ni Anatoli Ntirampeba, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kirushya, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu tangu alipozaliwa mpaka alipotutoka, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na pale ambapo mimi mwenyewe nilitenda vibaya, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Kapteni Bonaventura alizaliwa tarehe 14 Februari 1940 hapa Kirushya, kwenye mlima ule ulio nyuma ya shule, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mathias Ntirampeba na mama yetu Eustakia Nahimana, ambaye tuko naye hapa leo, na kati yake na mimi walizaliwa watoto wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, hivyo tukabaki wawili tu, yeye akinizidi miaka saba.

Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akaendelea na shule ya kati Rulenge kuanzia mwaka 1952, kisha akachaguliwa kwenda sekondari Tabora, alikosoma kuanzia Januari 1956 hadi Desemba 1959, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa karani wa hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Mwanza, kazi ya kupima upepo na mvua na kuwaandikia marubani, mpaka mmoja wao alipomwambia kwamba kijana anayeandika mawingu vizuri namna ile afadhali aende akayaone mwenyewe, akamsaidia kujaza fomu, na mwezi Septemba 1963 akapelekwa Addis Ababa kusomea urubani.

Alirudi mwaka 1965 na leseni yake, tukamchinjia mbuzi, na wazee waliopo watakumbuka jinsi mama alivyomwuliza mbele ya wageni, "Sasa huko juu ndege ikiyumba unashika nini?" naye akamjibu, "Nashika usukani, mama, na abiria wananishika mimi," watu wakacheka, na baba yetu, ambaye alifariki mwaka mmoja baadaye, alicheka mpaka akafuta machozi.

Tarehe 1 Aprili 1965 aliajiriwa na shirika la ndege akiwa rubani msaidizi, na mwaka 1970 akawa kapteni wa ndege ndogo za kituo cha Mwanza, akiruka kwenda Bukoba, Musoma, Tabora na Kigoma, na hapa inanibidi nieleze kidogo desturi ya kazi yao, kwa sababu bila hiyo maisha yake hayatafahamika. Marubani huwekwa katika orodha moja kwa tarehe ya kuajiriwa, na aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua, achague kituo, achague ndege, achague hata sikukuu ya kupumzika, na nafasi nzuri ikitangazwa huulizwa kwanza aliye juu, naye akikataa anaulizwa wa chini yake, na aliyekataa hurudi kukaa alipokuwa mpaka nafasi nyingine itangazwe, hata kama itachukua miaka.

Tarehe 24 Juni 1967 alifunga ndoa takatifu na Deodata binti Xavery, muuguzi na mkunga wa hospitali ya Biharamulo, na Mungu akawajalia watoto, Odeta aliyezaliwa mwaka 1968, Emilian aliyezaliwa mwaka 1971, na Clotilda ambaye nitamtaja mbele. Shemeji Deodata aliomba uhamisho wa Mwanza mara tatu akakosa, kwa sababu wakunga wilayani walikuwa wachache, ndiyo maana kaka akawa mtu wa barabarani, akimaliza zamu yake anavua sare, anavuka Busisi kwa kivuko, anatafuta lori la pamba au la samaki, anafika Biharamulo usiku au kesho yake, anakaa na watoto siku moja, mara chache siku mbili, kisha anaanza kurudi, na kila baada ya miezi michache anaunganisha lori jingine pale njiapanda ya Lusahunga ili aje huku kumwamkia mama.

Sasa nafika mwaka 1974. Mwezi Agosti mwaka ule sisi wa mlimani tulihamishiwa hapa barabarani katika kijiji kipya, tukaacha nyumba ya baba na migomba yake, tukaanza upya chini ya turubai, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama, na mwezi Oktoba ikaja barua ya kaka, ikisema kwamba imetangazwa nafasi moja ya ndege kubwa ya abiria arobaini na wanane, kituo Dar es Salaam, kwamba katika orodha yeye ndiye anayefuata, kwamba shirika linatoa nyumba, na Deodata ameahidiwa kazi katika hospitali ya hukohuko, hivyo wataishi pamoja mke, mume na watoto kama watu wengine, lakini Dar ni mbali, ataweza kuja nyumbani mara moja tu kwa mwaka, na kwa kuwa baba hayupo anaomba kauli ya mama, na jibu analitaka kabla ya tarehe 30 Novemba.

Mama hajui kusoma, mimi ndiye niliyemsomea, na mimi ndiye niliyeandika majibu. Aliyoniambia nayakumbuka neno kwa neno, kwa Kihangaza, akiwa anapukuchua maharage, alisema, "Mwandikie aende. Amchukue mke wake, aache kulala kwenye malori. Mimi nina mikono, na wewe upo. Mwambie nimembariki." Nilichukua kalamu nikaandika kwamba mama anaumwa kifua tangu tuhamishwe, kwamba usiku hapumui vizuri, na kwamba anaomba mwanae asiende mbali naye wakati huu, nikaweka jina la mama chini, nikaipeleka posta Ngara tarehe 5 Novemba 1974.

Mama hakuwa anaumwa. Ndugu zangu, nimejiuliza miaka mitano kwa nini niliandika vile, na sababu ninazozipata hazinipendezi, niliogopa kubaki peke yangu na nyumba ya kujenga, niliogopa mabati aliyoniahidi yasije, niliogopa mama akiugua kweli nitakuwa sina wa kumwita, na tena, hili ni gumu kulisema mbele ya jeneza lake, niliona uchungu kwamba yeye anapanda juu zaidi na mimi nahesabu miti ya kujengea.

Tarehe 27 Novemba 1974 kaka alitia sahihi ya kukataa. Aliyekuwa chini yake katika orodha ni Kapteni Amri Abbasi, mzaliwa wa Biharamulo mjini, rafiki yake, ambaye yuko nasi hapa na ameniruhusu nieleze kwamba alimfuata kaka mpaka nyumbani kwake Mwanza akamwambia, "Kaka, namba ni yako, mimi nakaa nyuma yako tangu siku ya kwanza. Fikiri tena," na kaka akamjibu, "Mama akiniita siwezi kusema niko kwenye orodha. Nenda wewe." Basi Kapteni Amri akaenda Dar, na shemeji Deodata akaandika barua ya kuikataa kazi aliyokuwa ameahidiwa.

Mwezi Februari 1975 kaka alikuja hapa na dawa za kifua na blanketi zito, akamkuta mama shambani, jembe mkononi, anaimba. Alimwamkia, akamwuliza, "Mama, kifua kinaendeleaje?" mama akasema, "Kifua gani? Na wewe si nilikwambia uende? Mbona bado uko Mwanza?" Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Kaka alinitazama, na mimi nikatazama chini, kisha akamwambia mama, "Nimeona Mwanza inanifaa zaidi." Mama alichukia, akamwambia, "Sawa, umeshakuwa kapteni, neno la mama halina kazi tena," naye akakubali kuambiwa hivyo. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Anatoli, ile barua ni maneno ya mama?" nami nikamwambia kwamba mama alibadili mawazo baadaye, akasema, "Sawa," akachukua jembe akaenda kumalizia tuta la mama, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena, na mabati akayaleta, ndiyo haya yaliyoezekwa kwenye nyumba mnayoiona.

Kwa miaka minne mingine aliendelea kuvuka Busisi na kupanda malori, na ilipofika Oktoba 1978 vita vya Kagera vikaanza, ndege ndogo za Mwanza zikapewa kazi ya kupeleka dawa na damu upande wa Bukoba, na malori yote ya barabara ile yakaenda kubeba askari na chakula chao, hivyo kaka hakuwa tena na njia ya kufika kwake. Shemeji Deodata alikuwa mjamzito. Tarehe 11 Desemba 1978, katika wodi ileile anayofanyia kazi, alijifungua Clotilda kabla ya miezi kutimia, na mtoto aliishi siku mbili. Katika siku hizo mbili kaka alipita juu ya Biharamulo na shehena ya dawa, hakujua kwamba mwanae amezaliwa, na hata angejua hakuwa na ruhusa ya kutua, habari ilimfikia baada ya mazishi, naye alifika nyumbani tarehe 2 Januari 1979, juu ya magunia ya unga.

Vita vilipokwisha, mwezi Juni 1979, nafasi ya Dar ikatangazwa tena, na ikamwangukia yeye. Safari hii hakumwandikia mtu, alikubali siku ileile, shemeji akaomba upya kazi, watoto wakaanza kufunga vitabu vyao, na mwezi Agosti akaenda kupimwa afya kama sheria inavyomtaka rubani anayehamia ndege kubwa, daktari akakuta shinikizo la damu limepanda sana na figo zimeharibika, leseni ikasimamishwa, na hakuruka tena.

Alilazwa Mwanza tarehe 20 Januari 1980, nami nikaenda kumwuguza, na siku moja mchana, shemeji akiwepo, nilimwambia, "Kaka, ile barua niliitunga mimi." Akasema, "Nilijua pale shambani." Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza, akakubali kulaumiwa na mama miaka yote ile, akasema, "Ningesema, mama angekufukuza, na mimi niko mbali. Angebaki na nani?" Kisha akaniambia na haya, nayasoma kwa sababu ni haki yake, "Usidhani sikukasirika. Nilikuwa nikipanda lori Busisi nakukasirikia mpaka nashuka Biharamulo. Siku ya Clotilda nilitaka nisikuone tena." Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sitawadanganya kwamba alisema.

Alifariki tarehe 9 Machi 1980, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini, na tulipokaa kupanga mazishi shemeji Deodata aliniambia, "Historia utasoma wewe. Lakini usiruke mwaka wa sabini na nne."

Mama Eustakia, mwanao hakulidharau neno lako, neno lako halikumfikia, nililizuia mimi, na yale yote uliyomwambia kwa kumwona mkaidi yalikuwa yangu. Shemeji Deodata, Odeta, Emilian, miaka ya baba yenu niliyoipoteza barabarani siwezi kuirudisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliomhudumia mchana na usiku, wafanyakazi wa hospitali ya Biharamulo waliosimama na mwenzao, uongozi wa shirika na marubani wote, na kwa namna ya pekee Kapteni Amri Abbasi aliyemleta kaka kwa ndege mpaka Ngara na ambaye yeye na familia yake wamekubali kumpokea shemeji kwao ili aanze kazi Dar es Salaam mwezi Mei, jambo ambalo familia imeliafiki, nawashukuru majirani wa Kirushya mliochimba, mliopika, mliolala nasi nje siku tatu, na ambao hatukuwataja wapokee shukrani hizi hizi.

Kaka Bonaventura, nenda ukapumzike, hakuna tena atakayekuandikia jambo lisilo la kweli. Mama nitabaki naye mimi, akinikubali, na asiponikubali nitajenga karibu.