Mwalimu Aliyepiga Hodi Darasani Kwake

Ndugu waombolezaji, habari za utoto wa marehemu mama yetu, mkwewe mdogo, mke wa kitinda mimba, alizisikia kwanza kwa mama mkubwa, dada wa marehemu, siku walipokuwa wakichambua mboga jikoni. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1975 katika mji wa ugenini ambako baba yao alifuata kazi, na kwa kuwa wenzake waliicheka lugha ya kwao, alinyamaza muhula mzima. "Nyumbani mdomo wake ulikuwa cherehani," mama mkubwa alisema, "lakini akifika shuleni uzi unakatika."

Alisoma chuo cha ualimu mwaka 1986 hadi 1988, na Januari 1989 akapangiwa darasa la pili, ambalo hakuliacha mpaka mwisho. Kila asubuhi alisimama nje ya mlango akapiga hodi, asiingie mpaka mtoto wa zamu amkaribishe kwa lugha ya nyumbani kwao, na darasa zima, pamoja naye, lilijifunza neno hilo kwa mtoto huyo. Mkaguzi mmoja alimtania, "Mwalimu, unapiga hodi kwako?" Akajibu, "Kwangu ni nyumbani, bwana mkaguzi, humu nina wenyeji hamsini." Ndipo akaitwa Mwalimu Hodi.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na fundi umeme, baba yetu, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano. Mwaka 2019 kitinda mimba alipooa, mke wake alifika akiwa mtu wa lugha nyingine na haya nyingi, akila kwa kuinama na kujibu kwa kichwa, hata jioni moja mama mkwe akagonga mlango wa chumba chake, akasema, "Mwanangu, kwenu mgeni hukaribishwaje? Nifundishe, nisije nikakaa nje mpaka kuche." Mkwe akacheka, akamfundisha, na tangu hapo akawa na kwao mahali pawili.

Figo zilianza kumsumbua Aprili 2023, lakini aliendelea kufundisha, siku za matibabu akishikiwa darasa na mwalimu wa darasa la jirani, mpaka tarehe 11 Juni 2024, alipozidiwa jioni na kufariki hospitalini, neno lake la mwisho kwa mkwewe likiwa, "Kesho nani atawapigia hodi?" Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi sebuleni, na walimu wenzake, ambao mikono yao haikutuacha.

Asubuhi iliyofuata mkwe alimfunga mtoto mgongoni, akaenda shuleni, na baada ya mwalimu mkuu kuwapa watoto habari ile nzito, akaomba mlango ufungwe, akabaki nje. Yeye ambaye hata sokoni huonyesha kwa kidole, alipiga hodi kwa sauti. Akapiga tena, miguu ikitaka kurudi nyumbani, na mara ya tatu kasauti kakamjibu, si kwa lugha ya mtoto wa zamu, bali kwa lugha ya kwao yeye mkwe, kwa neno ambalo yeye alimfundisha marehemu jioni ile chumbani, naye marehemu akalipeleka darasani, kisha darasa zima likalirudia.

Akaingia.

Pumzika, Mwalimu Hodi, na huko ulikobisha leo, ufunguliwe kwa lugha ya nyumbani kwenu.